Mpwa wangu ameambiwa akiri kosa Jumatatu, alipe faini, arudi nyumbani. Je, akiri?

#1 MjombaWaKayole (Jumamosi, saa 2:40 asubuhi)

Hamjambo wanajukwaa. Sijalala tangu jana, na nawaomba wenye ujuzi wanisaidie kabla ya Jumatatu.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ana umri wa miaka 22 na ni fundi wa simu mwenye kibanda huku Eastlands, Nairobi. Jana Ijumaa saa kumi na moja jioni walifika polisi wawili waliovaa kiraia, wakiwa na mwanamke aliyeporwa simu wiki tatu zilizopita, wakaikuta simu hiyo ndani ya droo, imefunguliwa na kioo kimeng'olewa. Kijana aliinunua kwa shilingi 2,500 kwa ajili ya vipuri, na anasema aliyemuuzia alimwambia kwamba ilianguka majini.

Nilipompelekea chakula kituoni, afisa aliyemkamata aliniita kando na kuniambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba Jumatatu kijana akikiri kosa hakimu atamtoza faini ndogo na jioni atalala kwake, lakini akikana, atazunguka mahakamani miaka miwili. Usiku huohuo nikapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wakili, ambaye sijui nambari yangu aliitoa wapi, akitaka nimtumie 30,000 kabla ya saa sita leo mchana ili faili isifike mahakamani.

Je, akiri? Je, nimlipe huyo wakili? Na je, wana haki ya kumshikilia hadi Jumatatu?

#2 HakiYaMwananchi (saa 2:58 asubuhi)

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinasema saa 24, basi. Leo saa kumi na moja jioni ikifika kabla hajapelekwa mahakamani, nenda kituoni na nakala ya Katiba mkononi uwaambie wamwachilie. Wakikataa, huo ni utekaji.

#3 KaraniMstaafu (saa 3:20 asubuhi)

Ndugu #2, nakuomba urudi kwenye kifungu hichohicho ukisome hadi mwisho, kwa sababu mzee huyu anaweza kwenda kugombana kituoni kwa jambo lisilo na msingi. Katiba inasema mshukiwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 24 kupita, lakini saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama au katika siku ambayo si ya mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kushikiliwa hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Nimefanya kazi masjala za mahakama kwa miaka mingi, na kila Jumatatu asubuhi vyumba vya chini (seli za mahakama) hujaa watu waliokamatwa Ijumaa kuliko siku nyingine yoyote.

Hata hivyo, mzee, haimaanishi kwamba ni lazima alale huko. Mkuu wa kituo ana uwezo wa kumpa dhamana ya polisi. Bondi ya polisi (ahadi ya maandishi ya kufika akitakiwa) hailipiwi chochote, na iwapo utaambiwa uweke pesa taslimu, pesa hizo zina risiti rasmi na hurudishwa. Uliza pia nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na uiandike. Bila nambari hiyo utakuwa unamtafuta mtu ambaye kwenye kumbukumbu hayupo.

#4 Mwanasokoni (saa 3:31 asubuhi)

Kuhusu hizo 30,000: usitume hata shilingi. Wakili wa kweli hawezi kukuahidi kwamba faili haitafika mahakamani, kwa kuwa ahadi hiyo haina maana nyingine ila hongo. Mwulize majina yake kamili kama yalivyo kwenye cheti cha uwakili, kisha uyatafute kwenye orodha ya mawakili iliyo katika tovuti ya LSK (Chama cha Mawakili cha Kenya). Cheti cha kufanya kazi hiyo huchukuliwa upya kila mwaka, kwa hiyo usitosheke kuona jina, bali hakikisha kwamba mwaka huu ana kibali. Mnakumbuka mwaka 2023 nchi nzima ilivyoshangaa kusikia kwamba kuna kijana aliyedaiwa kusimama mbele ya mahakama kama wakili ilhali hakuwa wakili.

#5 MamaWawili (saa 4:05 asubuhi)

Kaka, nakusihi kama mzazi: asikiri kitu ambacho hakukifanya.

Mwanangu wa kwanza aliambiwa maneno hayohayo mwaka 2019, baada ya ugomvi wa stendi ya pikipiki. Akiri, alipe, aende kazini. Alikiri, tukachanga faini ya shilingi 10,000, na jioni ile tulikula pilau kwa furaha. Miaka mitatu baadaye alipata nafasi ya kwenda Qatar kufanya kazi ya ulinzi, akaombwa cheti cha mwenendo mwema, akapeleka alama za vidole, na cheti kikarudi kikiwa na hukumu ile. Wakala alimrudishia pasipoti bila maneno mengi. Mpaka leo kijana huyo hutazama upande nikipika pilau.

#6 NiliyekanaNikashinda (saa 4:47 asubuhi)

Nimesoma #5 na nimeumia, lakini mzee asikie upande wa pili pia. Mimi nilikana. Nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, nikadaiwa kuiba mali ya mwajiri. Kesi ilikaa miaka miwili na miezi minne. Nilifika mahakamani mara 23, na katika mara hizo, shahidi alifika mara nne tu. Mara nyingine hakimu yuko likizo, mara faili haijaletwa, mara mpelelezi amehamishwa. Hatimaye hakimu alisema sina kesi ya kujibu, nikaachiliwa chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Nilishinda, ndiyo. Lakini nilikuwa nimepoteza kazi mbili, nimeuza friji na kochi, na mchumba wangu alikuwa ameolewa kwingine.

Siku niliyoachiliwa nilikaa kwenye ngazi za nje nikajiuliza ingekuwaje kama ningelipa faini siku ya kwanza. Sijapata jibu hadi leo. Kwa hiyo msimwambie mzee akane kana kwamba kukana hakuna bei.

#7 WakiliKijana (saa 5:30 asubuhi)

Nitasema mambo ya jumla tu, kwa kuwa sijaiona karatasi ya mashtaka na mimi si wakili wa kijana huyu.

Swali la kwanza si kukiri au kukana, bali ni kukiri nini. Katika kesi za namna hii karatasi huwa na shtaka kuu na shtaka mbadala (la kuangaliwa iwapo lile kuu halikuthibitishwa). Shtaka kuu linaweza kuwa wizi, na mbadala likawa kupatikana na mali ya wizi chini ya kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14. Lakini ikiwa mama yule alishikiwa kisu, au waliompora walikuwa wawili, shtaka kuu linaweza kuwa wizi wa kimabavu chini ya kifungu cha 296(2), ambalo adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Na mahakama hazikubali kwa wepesi maelezo ya mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni anaposema si yeye aliyeiba. Mzee, ulisema aliporwa. Aliporwaje?

Pili, afisa hawezi kumwahidi mtu faini. Polisi hupeleleza, ODPP (Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma) huamua mashtaka, hakimu hutoa adhabu. Atakapokiri, mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya tukio, kijana ataulizwa kama ni ya kweli, na akiyakubali atatiwa hatiani papo hapo. Baada ya hapo kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamzuia kukata rufaa kupinga hatia yenyewe, na atakachoweza kulalamikia ni ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu. Anaweza kubadili jibu lake kabla ya kuhukumiwa, lakini kwa kesi ndogo nafasi hiyo hupita kwa dakika chache.

Tatu, katika kifungu cha 322 ni lazima ithibitishwe kwamba alijua simu ni ya wizi au alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Fundi kukutwa na simu iliyofunguliwa si uthibitisho wa jambo hilo. Swali litakuwa: aliinunua kwa nani, kwa bei gani, saa ngapi, na aliandika wapi?

#8 MjombaWaKayole (saa 6:15 mchana)

Ahsanteni. Yule wakili wa simu nilimwomba majina kamili, akakata, na sasa nambari haipatikani.

Nimerudi kutoka kituoni. Mama yule alinyakuliwa simu dirishani, matatu ikiwa kwenye msongamano. Hakupigwa, hakuona kisu.

Ila kuna mambo mawili yananitisha. La kwanza, kijana ameniambia kwamba usiku alipewa karatasi akatia sahihi, na ndani yake imeandikwa kwamba alijua simu ni ya wizi. Anasema alikuwa amechoka na aliambiwa ni utaratibu. La pili ni daftari. Ana daftari la jalada gumu ambamo huandika kila simu anayoinunua: tarehe, aina, nambari ya IMEI (nambari ya utambulisho wa simu yenyewe), jina la muuzaji na nambari ya kitambulisho. Nimelichukua kibandani leo. Simu hiyo imo, tarehe imo, shilingi 2,500 zimo, na jina moja tu, "Kevo". Mahali pa kitambulisho ameweka kistari.

#9 WakiliKijana (saa 6:40 mchana)

Kuhusu karatasi: chini ya kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, kukiri kosa hakukubaliki dhidi ya mshtakiwa isipokuwa kumefanywa mahakamani, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kinachotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, akiwapo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kama alitia sahihi usiku mbele ya aliyemkamata, peke yake, wakili ana mengi ya kusema juu ya karatasi hiyo. Lakini akisema mwenyewe kizimbani kwamba ni kweli, yote haya yanakuwa bure. Kuanzia sasa ana haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili, na azitumie zote mbili.

Kuhusu daftari: lipige picha ukurasa kwa ukurasa leo hii, kisha ulihifadhi. Asiongeze herufi hata moja ndani yake, wala wewe. Kile kistari kitamuumiza kidogo, lakini kitambulisho kilichoandikwa leo kwa wino mpya kitammaliza.

#10 SajiniWaZamani (saa 8:12 mchana)

Nilivaa sare kwa miaka 26. Ndugu #2, ungefika kwenye dawati langu na hiyo nakala ya Katiba, ningekupa kiti tuisome pamoja, maana kurasa zake nyingine hujazifikia.

Mzee, usimwone afisa yule kuwa adui moja kwa moja. Afisa mmoja anaweza kuwa na faili nyingi, na kila kesi inayokanwa inamtaka amtafute mlalamishi, ampeleke mahakamani, aache doria, aulizwe na wakubwa wake kwa nini shahidi hakuja. Kukiri kunamwondolea faili mezani. Na wapo wanaoamini kwa dhati kwamba wanamsaidia kijana maskini asiteseke rumande. Mimi mwenyewe niliwahi kuwashauri vijana hivyo, na wengine walinishukuru. Nikisoma habari za mtoto wa #5, nawafikiria wale ambao hawakurudi kunishukuru.

#11 Mwanasokoni (saa 8:40 mchana)

Afande, kwa heshima, mimi siuamini upole huo. Mjomba alipigiwa simu na wakili bandia saa chache tu baada ya kutoka kituoni. Nani aliitoa nambari yake?

#12 KaraniMstaafu (saa 9:02 alasiri)

Inaweza kutoka kituoni, lakini njia ni nyingi. Wapo madalali wanaoshinda nje ya vituo na mahakama, wakisikiliza jamaa za washukiwa wakitajiana nambari. Wapo pia walio ndani ya seli, wanaomwuliza mgeni nambari ya kwao kwa kisingizio cha kumsaidia. Nimeona zote mbili, kwa hiyo siwezi kumhukumu afisa yule kwa simu hiyo pekee.

Mzee, jambo moja la kushika: dhamana ya mahakama hulipwa kwa akaunti ya Mahakama kupitia eCitizen (mtandao wa huduma za serikali), kwa ankara yenye nambari ya kesi. Haitumwi kwenye simu ya mtu yeyote, hata akiwa amevaa suti na tai mlangoni pa mahakama.

#13 DadaWaUmoja (saa 10:25 alasiri)

Nina swali linalokaribiana na hili. Je, mtu asiye na pesa afanye nini? Tuliwahi kumwendea wakili kwa kesi ya kaka yangu akataka 80,000 hadi hukumu, mwingine 15,000 kwa siku ya kusomewa mashtaka pekee, na wa tatu akasema tumlipe tukishinda. Tulimpenda huyo wa tatu.

#14 WakiliKijana (saa 11:10 jioni)

Huyo wa tatu ndiye wa kukimbiwa, dada. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mapatano ya kumlipa wakili iwapo tu kesi itashinda. Hao wawili wa kwanza walikuwa wakiuza vitu viwili tofauti, ndiyo maana bei zikaachana. Wakili wa siku moja husimamia kusomewa mashtaka na kuombea dhamana, na katika kesi nyingi siku hiyo ndiyo inayoamua kama mtu ataisubiri kesi yake akiwa nyumbani au katika rumande ya Industrial Area. Pateni barua ya mapatano inayoonyesha kazi inaishia hatua gani, na risiti kwa kila malipo.

Kwa asiye na uwezo, Katiba katika kifungu cha 50 inaitaka serikali impe wakili iwapo dhuluma kubwa ingetokea bila wakili. Katika kesi za mauaji Mahakama Kuu huteua mmoja. Kwa kesi nyingine kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na kuna Kituo cha Sheria, ambacho kimewasaidia wasiojiweza tangu 1973. Wanaoomba ni wengi kuliko mawakili waliopo, kwa hiyo ombeni mapema, na mwambieni hakimu wazi kwamba mmeomba.

#15 HakiYaMwananchi (saa 1:30 usiku)

Nimekubali kusahihishwa na #3, na afande nitakuja tusome. Lakini mbona hakuna aliyetaja njia rahisi kuliko zote? Mjomba amwendee yule mama, amnunulie simu mpya, mama aondoe malalamiko. Simu tu! Hata Biblia na Kurani zinaagiza upatanisho.

#16 SajiniWaZamani (saa 1:55 usiku)

Asimwendee peke yake, na asimwendee kimyakimya. Mlalamishi akienda kusema kwamba amefuatwa nyumbani na jamaa ya mshtakiwa, utazaliwa mgogoro mwingine wa kuvuruga shahidi, na dhamana itakuwa mashakani. Kama kuna mazungumzo, yapitie kwa wakili na mwendesha mashtaka ajulishwe.

#17 WakiliKijana (saa 2:20 usiku)

Naungana na afande. Na mjue kwamba "kesi imeondolewa" ni maneno yenye maana mbili. Mlalamishi akiiondoa chini ya kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai na hakimu akaridhika na sababu zake, mshtakiwa anahesabiwa kuwa ameachiliwa huru. Lakini mwendesha mashtaka akiiondoa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria hiyohiyo kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, anaweza kukamatwa tena kwa mambo yaleyale. Nimewaona watu wakisherehekea uondoaji wa aina ya pili wakidhani ni wa kwanza. Mwulizeni karani ni kifungu kipi kilichoandikwa kwenye faili.

#18 NiliyekanaNikashinda (saa 2:48 usiku)

Na hata ukishinda, fuatilia rekodi yako. Mimi nilipoomba cheti cha mwenendo mwema mwaka uliofuata, kesi bado ilionekana kana kwamba inaendelea. Nikatakiwa nilete nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama, na ndipo ikarekebishwa. Dhamana yangu ya 20,000 nayo niliipata baada ya miezi mitano, kwa kuwa nilikuwa nimepoteza risiti. Mzee, risiti uitie kwenye bahasha moja na daftari.

#19 MjombaWaKayole (Jumatatu, saa 12:10 jioni)

Wanajukwaa, nimerudi kutoka mahakama ya Makadara muda si mrefu.

Jana kijana mmoja wa kanisani alitupeleka kwa dada yake, ambaye ni wakili mwenye cheti cha mwaka huu (nilimtafuta kwenye orodha kama #4 alivyoelekeza), naye dada huyo alitukubalia kwa 15,000 za siku ya leo. Wakili huyo alizungumza na mpwa wangu kwenye seli za chini, kupitia kwenye vyuma, kwa dakika kama saba. Alimwuliza swali moja mara tatu: "Ulijua?" Mara zote tatu alijibu kwamba hakujua, ila mara ya tatu alinyamaza kidogo kwanza, akasema kwamba bei ilikuwa ya chini mno na moyoni alijiuliza. Wakili aliandika jambo hilo bila kusema kitu. Mimi nililisikia na limenikaa.

Shtaka kuu ni wizi, mbadala ni kupatikana na mali ya wizi. Alisomewa kwa Kiswahili, akakana yote mawili. Mwendesha mashtaka hakupinga dhamana. Hakimu ametoa dhamana ya pesa taslimu 30,000, au bondi ya 100,000 na mdhamini mmoja, na ameagiza tupewe maelezo ya mashahidi kabla ya kesi kutajwa (kuitwa tena mahakamani). Chama cha wanaume wa ploti yetu kimechanga 30,000, na ankara tumelipa saa tisa. Yuko hapa sebuleni, ameoga, anakula.

Afisa yule alikuwa mlangoni. Alitikisa kichwa, akasema, "Mjomba, nilitaka kukusaidia." Sijui kama alikuwa akisema kweli.

#20 NiliyekanaNikashinda (saa 12:31 jioni)

Nafurahi kwamba yuko nyumbani. Kuhusu ule ukimya wa mara ya tatu, mwambie asimfiche wakili wake kitu, lakini asiuzungumze kwa mtu mwingine yeyote, hata hapa jukwaani. Na naomba ufute sehemu hiyo ya ujumbe wako sasa hivi.

#21 WakiliKijana (saa 12:33 jioni)

Tafadhali mzee, fanya kama #20 anavyosema. Aliyoyasema na wakili wake ni siri yake na wakili.

#22 MamaWawili (saa 1:04 usiku)

Kaka, kesi inatajwa tarehe ngapi, na ni mahakama nambari ngapi? Siku hizi nafika Makadara mara kwa mara kwa ajili ya kesi ya jirani yangu. Nitakuja tukae pamoja kwenye benchi, na nitakubebea chai, kwa sababu mara nyingi mnaweza kungoja hadi saa nane kabla jina halijaitwa.